Kosa la Mtoto wa Ulemo

Siku chache baada ya shule kufungwa, tukiwa katika kata ya Ulemo, Wilaya ya Iramba, mkoani Singida, tulioneshwa daftari la kijana wa kidato cha pili. Shule anakosoma hatutaitaja, wala hatutamtaja mwalimu wake, maana neno tunalotaka kulisema linawahusu walimu wengi na shule nyingi, na sisi wenyewe tuliowahi kushika chaki hatujitoi katika lawama. Kijana alikuwa ameandika insha ya Kiingereza yenye habari za kwao. Alitaka kusema kwamba Ulemo ni tofauti na Shelui: Ulemo iko juu, katika uwanda wa Iramba, ambako upepo wa alfajiri humfanya mtu ajikunyate ndani ya shuka, ilhali Shelui iko chini, baada ya barabara kuteremka Sekenke, ambako hewa ya bonde la Wembere huwa nzito na ya moto. Ni jambo la kweli, na amelitazama kwa macho yake mwenyewe. Basi akaandika: «Ulemo is different with Shelui.»

Kalamu nyekundu ilikuwa imelizungushia duara lile neno «with», mara tatu, kwa nguvu hata karatasi ikatoboka. Pembeni yalikuwa yameandikwa maneno ya kumwambia kwamba hafikiri. Hapakuwa na mahali palipoandikwa neno lililo sahihi, wala sababu ya usahihi wake. Tulipomwuliza kijana alifanya nini baada ya hapo, alitujibu bila kununa kwamba ameacha kuandika habari za kulinganisha kitu na kitu. Siku hizi huandika sentensi fupi fupi alizokwisha kuzikariri, zile ambazo anajua hazitamletea duara. Habari za Shelui hazimo tena.

Tuipe kwanza kalamu nyekundu haki yake. Kiingereza sanifu kinachofundishwa katika shule zetu hakikubali «different with». Mwanafunzi atakayeandika hivyo katika mtihani atapoteza alama, na mwalimu asiyemsahihisha atakuwa amemdhulumu. Hatuna haja ya kuwabembeleza watoto wetu kwa kuwaambia kwamba kila waandikalo ni sawa, eti kwa kuwa lugha yenyewe ni ya wageni. Anayejifunza lugha ya watu huifuata kama watu wenyewe wanavyoisema. Ugomvi wetu hauko hapo. Ugomvi wetu ni na yale maneno ya pembeni, kwamba mtoto hafikiri. Sisi twasema kinyume chake. Mtoto yule alifikiri sana. Alifikiri kwa Kiswahili, akafuata kanuni ya Kiswahili hatua kwa hatua, naye katika kanuni hiyo hakukosea hata kidogo. Aliyeshindwa kufikiri ni mwenye kalamu, ambaye aliliona kosa asione lilikotoka.

Kosa lenyewe lilitoka katika neno «na». Katika Kiswahili «tofauti» hufuatwa na «na», na hiyo «na» ni neno dogo lenye mizigo mingi. Twasema Juma na Asha. Asha amefuatana na Juma. Asha ameolewa na Juma. Mtoto ameumwa na nyuki. Nyumba iko karibu na kisima lakini mbali na barabara. Kitambaa hiki ni sawa na kile. Mwingereza hawezi kuyasema hayo yote kwa neno moja. Atahitaji maneno yasiyopungua matano, na kila mara atalichagua jipya. Lakini mtoto wetu katika siku zake za kwanza za Kiingereza aliambiwa kwamba «with» maana yake ni «na», basi, hakuambiwa zaidi. Amepewa ufunguo mmoja, akaoneshwa nyumba yenye milango saba, kisha anapigwa kwa kuujaribu ule ufunguo katika mlango wa pili.

Ndugu yake kosa hili ni lile la «married with», ambalo kila mwalimu wa Kiingereza wa Tanzania amelikuta. Mtoto husema hivyo kwa sababu mwanamke huolewa na mwanamume. Mwingine, aliyeambiwa kwamba «na» inayofuata kauli ya kutendwa ni «by», huandika «Asha was married by Juma», na msomaji wa London atadhani kwamba Juma ni padri au kadhi aliyefungisha ndoa hiyo! Tunacheka, na inafaa tucheke kidogo. Lakini tukimaliza kucheka tutazame jambo lililofichika hapo. Kiswahili kina vitenzi vinavyomtaja kila mtu kwa nafasi yake: mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa, mzazi anaoza, kadhi anafungisha ndoa. Kiingereza kimeyarundika hayo yote katika kitenzi kimoja, kisha kikayaachia maneno madogo yanayokifuata kazi ya kueleza ni nani kafanya nini. Ndiyo maana maneno hayo madogo, ambayo wanasarufi wetu huyaita vihusishi, yana thamani kubwa katika Kiingereza na ni magumu sana kwa mgeni. Katika Kiswahili kazi hiyo aghalabu imekwisha kufanywa na kitenzi kabla kihusishi hakijaitwa.

Turudi kwenye neno lenyewe la ugomvi. Kwa nini Mwingereza husema «different from», yaani, tukilifuata neno kwa neno, «tofauti kutoka»? Neno lake alilirithi katika Kilatini, na asili yake ni kuchukua kando, kutenga. Kitu kilichotengwa lazima kiwe kimetengwa kutoka mahali fulani. Kwa hiyo «from». Neno letu «tofauti» tulilipata katika Kiarabu, na umbo lake la Kiarabu ni umbo la kutendana, linalohitaji wawili wanaofanyiana jambo. Sisi tulilipokea tukaliweka pamoja na jamaa zake wa Kibantu: kufanana na, kulingana na, kupishana na, kuachana na. Katika fikra ya Kiswahili vitu viwili hutofautiana kama watu wawili wanaopishana njiani, kila mmoja akiwa ameshiriki. Katika fikra ya Kiingereza kimoja kimesimama na kingine kimekwenda zake. Hatusemi kwamba fikra moja ina adabu kuliko nyingine, maana kuna wapenzi wa utamaduni ambao hukimbilia maneno ya namna hiyo wakaishia kutuaibisha. Twasema tu kwamba ni njia mbili, na kila moja ina akili yake. Mwanafunzi akioneshwa njia hizo mbili kwa dakika tano, hatahitaji duara tatu nyekundu.

Yako na mengine ambayo mwenye kalamu hakumwambia kijana, na yamkini hakuyajua. Waingereza wenyewe hawajapatana! Wengi wao huandika «different from». Wengine wengi nchini Uingereza husema «different to». Na huko Marekani ni kawaida kusikia «different than». Ubishi huu ni wa zamani. Mwaka 1926 H. W. Fowler, mtu aliyeheshimiwa mno kwa habari za matumizi ya Kiingereza, aliandika kwamba kule kushikilia kuwa «different» haliwezi kufuatwa ila na «from» ni ushirikina. Tafakari, ndugu msomaji. Wenye lugha huliita jambo hilo ushirikina, na mjukuu wa mkulima wa alizeti katika uwanda wa Iramba anahukumiwa kwa jambo hilohilo kana kwamba ni akili yake iliyopimwa ikaonekana pungufu. Kweli yeye aliandika «with», ambayo haimo katika yale matatu. Lakini angeandika «to», tuna shaka kama kalamu ile ingemsamehe, maana orodha iliyobandikwa ukutani ina «from» peke yake.

Orodha hiyo tunaijua sote. Ni karatasi yenye safu mbili: upande huu maneno ya Kiingereza, upande wa pili kihusishi cha kila neno, na amri ni kukariri. Hatuidharau kazi ya kukariri; vihusishi vya Kiingereza vina sehemu isiyo na sababu ya kutosha, na hiyo haina budi kushikwa kwa moyo kama majina ya miezi. Walakini yako mengi yenye sababu, na yenye sababu hufundishwa kwa sababu zake. Mwalimu asiyeijua sababu ndiye anayeifanya orodha nzima kuwa kama hirizi, asiyeivaa apatwe na balaa.

Hapa tunafika penye kiini cha hoja yetu. Mwalimu wa Kiingereza asiyekijua Kiswahili kwa undani hawezi kukifundisha Kiingereza kwa mtoto wa Kitanzania. Atamfundisha nusu, na nusu ya pili ataijaza kwa matusi.

Tuchukue neno «shamba». Mtoto wa Ulemo husema: baba yuko shambani, baba amekwenda shambani, baba ameingia shambani, baba ametoka shambani, ng'ombe wamepita shambani. Shamba halikubadilika, ni «shambani» mara zote tano. Kilichobadilika ni kitenzi, nacho ndicho kinachotwambia kama mtu yumo, anakwenda, anaingia, anatoka au anakatisha. Kwa Kiingereza sentensi hizo tano zinataka vihusishi vitano. Mtoto huyu hakuzoea kuutafuta mwelekeo katika neno dogo lililosimama kati ya kitenzi na jina, kwa sababu katika lugha yake halipo. Si kwamba hajui mwelekeo! Ajabu iliyoje kumwambia mtoto anayechunga ng'ombe wa watu kwamba hajui tofauti ya kuingia shambani na kutoka.

Au tuchukue kauli ya kutendea, ambayo ni hazina kubwa kuliko zote tulizo nazo katika jambo hili. Mtu akikimbia fisi anaokoka. Akimkimbilia fisi tutamzika. Anayehama Ulemo ameiacha Ulemo. Anayehamia Ulemo ameingia humo. Silabi moja tu imemgeuza mtu uso. Tena silabi hiyohiyo hufanya kazi ambazo Mwingereza angezigawa kwa vihusishi vingi. Amemwandikia mjomba barua, hapo barua inakwenda kwa mjomba. Amemlimia mjomba shamba, hapo kazi imefanywa kwa faida ya mjomba. Amemwibia mjomba mbuzi, na hapo mbuzi ametoka kwa mjomba, wala mjomba hakupata faida yoyote. Maana tatu zinazokaribia kupingana zimebebwa na kiambishi kimoja, na hakuna mtoto wa darasa la kwanza anayechanganyikiwa, kwa kuwa kitenzi chenyewe chamwongoza. Tena mtoto wa Ulemo hakuanza kuyajua hayo shuleni. Kinyiramba ni lugha ya Kibantu, na Kisukuma na Kinyaturu cha majirani ni vivyo hivyo. Lugha hizi zote hunyambua vitenzi. Aliponyonya ndipo alipoanza kujifunza sarufi hiyo.

Basi mtoto mwenye mali hiyo yote akiulizwa kwa Kiingereza, na akakosa kihusishi, tunamwita maskini wa akili. Sisi hatulikubali jina hilo. Mwalimu angemwonesha kwamba kile ambacho Kiswahili hukitia ndani ya kitenzi, Kiingereza hukitoa nje na kukisimamisha peke yake, angemwona kijana akitabasamu. Angeweza kumpa kazi hii: tafuta vitenzi kumi vya Kiswahili vyenye kauli ya kutendea, vifasiri kwa Kiingereza, kisha utazame kila kimoja kimeomba kihusishi gani. Kazi hiyo hufundisha lugha mbili kwa saa moja, na haihitaji kitabu kutoka ng'ambo.

Najua, watasema baadhi ya wenzetu, na hasa wale waliopewa madaraka ya kusimamia shule, kwamba Kiswahili kikiingia katika darasa la Kiingereza kitaliharibu. Kwamba dawa ni kukipiga marufuku tangu getini, na atakayethubutu kukisema aadhibiwe. Dawa hiyo ni kuukuu. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza mwaka 1986 jinsi alipokuwa shuleni katika Kenya ya kikoloni, ambako mtoto aliyenaswa akisema Kikuyu alichapwa au kuvishwa kibao shingoni. Wakoloni waliondoka, kibao kikabaki, na siku hizi tunakichonga wenyewe. Nasi tunawauliza hao wenzetu: je, «different with» ilizaliwa kwa sababu Kiswahili kilisemwa darasani? La hasha. Ilizaliwa kwa sababu Kiswahili kilikuwamo kichwani mwa mtoto na hakuna aliyemwuliza kinasema nini. Lugha haivuliwi mlangoni kama kandambili. Mtoto huingia nayo, na ikikatazwa kusema kwa mdomo itasema kwa kalamu, ndani ya maneno ya Kiingereza, mahali ambapo mwalimu haitambui.

Hali hii ina historia, na walimu vijana yafaa waijue. Mtoto wa shule ya msingi ya Serikali husomeshwa kwa Kiswahili, kisha akiingia kidato cha kwanza masomo karibu yote hugeuka ghafla kuwa ya Kiingereza, na somo la Kiingereza lenyewe linatakiwa kuyabeba masomo mengine mgongoni. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari na kuendelea. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwalimu Nyerere mwenyewe, mwaka 1984, alikifananisha Kiingereza na Kiswahili cha dunia, akataka kipewe uzito wake. Wapo wanaolitumia neno lake hilo kama rungu la kuwapigia watoto. Lakini Nyerere aliyesema hivyo ndiye aliyeifasiri Julius Caesar ya Shakespeare kwa Kiswahili mwaka 1963, akairudia na kuitengeneza upya mwaka 1969, na mwaka huohuo akatoa Mabepari wa Venisi. Mtu hafasiri Shakespeare kwa kukariri orodha ya ukutani. Anakaa na sentensi ya Kiingereza, anauliza kila neno dogo linafanya kazi gani, kisha anatafuta ni kitenzi gani cha Kiswahili kitaichukua kazi hiyo. Kumwiga Nyerere ni kufanya hivyo darasani, kwa sentensi za kawaida, za kisima na shamba na Shelui.

Tungependa kuishia hapo, lakini kuna upande wa pili wa jambo hili, nao watuuma zaidi. Wakati mtoto anaadhibiwa kwa kukitia Kiswahili chake katika Kiingereza, wakubwa zake wanakitia Kiingereza katika Kiswahili mchana kweupe, na hakuna anayewazungushia duara. Wao hupandishwa vyeo.

Sikiliza hotuba na matangazo. Zamani tulipambana na ujinga, maradhi na umaskini. Siku hizi tunapambana «dhidi ya» umaskini, kwa kuwa Mwingereza ana «against» na sisi tumeona aibu kutokuwa nayo mahali hapo. Kitenzi «kupambana» kina kutendana ndani yake na chaomba «na», sawasawa kama vile «tofauti» inavyoomba «na». Nasi tumekinyang'anya haki yake tukampa mgeni. Zamani kulikuwa na dawa ya malaria, chakula cha watoto, maji ya kunywa. Sasa kuna dawa kwa ajili ya malaria, chakula kwa ajili ya watoto, na maji kwa ajili ya kunywa, kila mahali ambapo Kiingereza kingetia «for». Fundi hodari wa kushona amekuwa fundi mzuri katika kushona. Mtaalamu wa kilimo amekuwa mtaalamu katika kilimo. Kamati haijadili bajeti, inajadili kuhusu bajeti. Mzazi haandikiwi barua. Barua inaandikwa kwa mzazi. Tumekuta hata anayetegemea «juu ya» jirani yake, ambaye tunamwonea huruma jirani huyo kwa uzito atakaoubeba.

Na ile «-ni» yetu, iliyotosha kwa shambani, nyumbani, shuleni, kisimani, inakufa kidogo kidogo. Watu wako kwenye nyumba, wanakwenda kwenye shule, wanatoka kwenye shamba. Hatusemi kwamba «katika» na «kwenye» ni maneno mabaya. Jina likiwa na sifa yake, kama nyumba kubwa ya mjomba, «-ni» haikai vizuri, na hapo «katika» au «kwenye» hutusaidia sana. Sisi wenyewe tumeyatumia katika kurasa hizi. Lakini mtu aliyezaliwa nyumbani akisema yuko kwenye nyumba, ujue amefikiri kwa Kiingereza kabla hajafumbua mdomo. Hata majina ya miji, ambayo hayakuwahi kuhitaji kitu, yamevishwa kofia: mgeni wetu yupo katika Singida, atalala katika Nzega. Singida inatosha. Nzega inatosha.

Wapo watakaotujibu kwamba lugha hukua kwa kupokea, na kwamba hata «dhidi» na «kuhusu» na «tofauti» yenyewe ni maneno yaliyotoka ugenini. Jibu hilo ni zito, wala hatulikwepi. Kiswahili kimepokea maelfu ya maneno na kimenawiri. Asiyependa hilo asiseme Kiswahili. Lakini angalieni «tofauti» ilivyopokelewa. Ilifika, ikapewa «na», ikanyambuliwa ikawa «tofautiana», «tofautisha», «tofautishwa», ikafuata sheria za nyumba hadi leo hakuna anayeishuku. Mgeni huyo alikuja akawa mwenyeji. Hii «kwa ajili ya» ya kila mahali haikuja hivyo. Imekuja kuvunja dari. Inaiua kauli ya kutendea, inaiua «-a» ya uhusiano, na mahali pao inaweka mfuatano wa maneno ambao ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Hatuogopi neno geni. Tunaogopa kupoteza kitenzi, maana kitenzi ndicho uti wa mgongo wa lugha zetu, na watoto wetu wakikua bila kusikia mtu akimlimia mtu, akimwandikia mtu, akimlilia mtu, watapoteza chombo ambacho hakuna kihusishi cha Kiingereza kitakachowarudishia.

Tazameni basi hasara inavyokamilika. Kijana hajui kihusishi cha Kiingereza, kwa sababu hakuna aliyemwonesha kinatofautiana vipi na kitenzi chake. Wakati huohuo kitenzi chake kinasahaulika, kwa sababu redio, ofisi na hata vitabu vya shule vinamzoesha Kiswahili cha vihusishi. Atakapokuwa na miaka thelathini atakuwa na Kiingereza chenye aibu na Kiswahili kisicho na mifupa. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967 kukilinda na kukikuza Kiswahili, na limefanya kazi kubwa ya istilahi. Lakini hakuna baraza liwezalo kukaa katika kila darasa na kila ofisi. Mwalimu ndiye anayekaa humo, wa Kiingereza na wa Kiswahili pia; na ni msiba kwamba hawa wawili, katika shule nyingi, hukaa chumba kimoja cha walimu miaka mitano bila kuulizana hata siku moja kuhusu makosa ya mtoto mmoja wanayemfundisha wote. Daftari la yule kijana lilikuwa na duara la «different with». Mwalimu wa Kiswahili angeliona duara hilo, angelisoma kama mganga asomavyo dalili. Hakuoneshwa, kwa kuwa ati si somo lake.

Siku ile ya Ulemo tulikaa na kijana nje ya nyumba ya wazazi wake, kuku wakiparura karibu na miguu yetu. Tulimwandikia sentensi mbili, moja chini ya nyingine: Ulemo ni tofauti na Shelui, «Ulemo is different from Shelui». Tukamwambia habari ya watu wawili wanaopishana na habari ya mtu mmoja anayeondoka. Tukamwambia pia habari za «to» na «than», kwa kuwa hatukuona sababu ya kumficha. Akasoma akanyamaza, kisha akaomba kalamu. Aliandika kwa Kiingereza kwamba upepo wa Ulemo ni tofauti na upepo wa Shelui, kwamba vitunguu vya bondeni ni tofauti na vitunguu vya juu, na kwamba bibi yake ni tofauti na mama yake, sentensi ambayo mama, aliyekuwa akipepeta mtama hatua chache kutoka hapo, alitaka afasiriwe mara moja. Zote tatu zilikuwa na «from».

Kisha akatuuliza swali. Alitaka kujua: kama «kukimbia» na «kukimbilia» hutofautiana kwa silabi moja, na Kiingereza huweka neno zima mahali pa silabi hiyo, je, Waingereza nao wana kitenzi chochote kinachojigeuza chenyewe, au chao siku zote husubiri kusaidiwa? Tulifikiri kwa muda mrefu. Tulimpa mifano miwili mitatu, hatukuridhika nayo, na tukamwambia aipeleke shuleni akamwulize mwalimu wake.